Alama ya X kwenye Pindo

Shuka la hospitali likishikwa mbele ya dirisha huwa halina siri. Mama Shuka alilishika kwa ngumi mbili kwenye pembe za juu, akanyoosha mikono, akaacha mwanga wa asubuhi upite ndani yake. Tundu la ukubwa wa kichwa cha pini alikuwa akiliona. Doa lililofuliwa mara tatu na kujifanya limetoka, alikuwa akiliona pia. Shuka lenye kasoro alilitia alama ya X kwenye pindo, kwa kalamu ya wino usiofutika, akalitupa kwenye kapu la kushoto. Lisilo na kasoro hakuliandika chochote. Alilikunja tu, likapelekwa wodini.

Kapu la kushoto lilikuwa la Bi Mkasi, mshonaji wa kitengo, mwanamke mwembamba aliyeketi kwenye kona na cherehani yake. Kila lililokuwa na X alilikata vipande vya kupigia deki, bila swali na bila huruma. Juu ya kichwa chake, ukutani, lilining'inia tangazo ndani ya fremu: CHOCHOTE CHENYE ALAMA YA X KISITUMIKE. Chini yake palikuwa na sahihi ya afisa utumishi, ndefu na yenye mikia.

Mama Shuka alikuwa na miaka ishirini na sita katika chumba kile, na sita ya mwisho alikuwa kaimu mkuu wa kitengo cha kufulia. Kaimu ni mtu anayefanya kazi yote ya mkuu isipokuwa kuitwa mkuu. Alipanga zamu, aliagiza sabuni, aliwatuliza manesi walipokuja juu kwa sababu mashuka yamechelewa. Siku ya mikutano ya wakuu wa vitengo, yeye alikaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuulizia choo.

Kilichomkwamisha ni mtihani wa Kiingereza. Kanuni ilisema hakuna kuthibitishwa kuwa mkuu bila kuufaulu, kwa kuwa vitabu vya mashine vinakuja kwa lugha hiyo. Mama Shuka alikuwa na jibu lake. Mashine ile kubwa aliijua kwa mlio. Ikikohoa tu alijua mkanda umelegea, fundi bado hajapigiwa simu. Na katika miaka yote hiyo mashine haikuwahi kumsemesha Kiingereza hata siku moja.

Alikwishaufanya mara mbili. Sehemu ya kwanza, ya kujaza maneno yanayokosekana, aliipita. Ya pili, ya kusoma habari na kuandika majibu, aliipita kwa kuburuza miguu. Ya tatu ilikuwa na maswali ishirini ya kulinganisha: kipi kikubwa kuliko kipi, nani mrefu kuliko wote, na kila swali lina majibu manne yaliyofanana kama mapacha. Hapo hakufua dafu. Wenzake wakapata utani wa bure, kwamba mwanamke anayefua hospitali nzima ameshindwa kufua dafu moja.

Mtihani uliruhusiwa mara tatu tu. Akianguka safari hii, cheo kingekwenda kwa karani wa stoo, bwana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni ambaye Kiingereza alikiongea mpaka na mlinzi wa geti. Na yeye angerudishwa kwenye masinki ya kuloweka, kule nyuma alikoanzia akiwa msichana, mikono ikichubuka kwenye dawa. Tuseme ukweli, aliogopa. Aliogopa sana, na kwa kuwa aliogopa akawa mkali kwa kila mtu nyumbani, paka akiwemo.

"Si umwombe dada yangu," mumewe alimwambia. Mume huyo alikuwa fundi redio, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyachagua vibaya.

"Afadhali nifeli," Mama Shuka alijibu.

Dada wa mume, yaani wifi yake, alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Alikuwa na ugonjwa mmoja, wa kulinganisha. Akinywa chai yako atakwambia si mbaya, ila ya mke wa kaka yao mkubwa ina ladha zaidi. Akiona pazia jipya atakumbuka zuri kulizidi. Siku ya harusi, mbele ya wageni, alisema kaka yake amepata mke mchapakazi, ingawa alikuwapo mwingine aliyesoma zaidi. Mama Shuka alikuwa amelibeba neno hilo miaka ishirini na saba bila kulitua.

Lakini alipofikiria yale masinki, alipiga moyo konde akaenda kugonga mlango wa wifi yake.

Walianza Jumamosi, saa tisa alasiri, kwenye meza ya jikoni. Wifi alikuja na miwani, chaki, na kipande cha ubao alichokiegemeza kwenye ndoo. Alieleza kanuni. Maneno mafupi yanafanya hivi, marefu yanafanya vile, na mengine yana wazimu wake. Mama Shuka aliandika yote daftarini. Alipopewa maswali kumi alipata mawili.

"Wanafunzi wangu wa darasa la tano walikuwa wanapata matano," wifi alisema.

"Wapelekee wao mtihani, basi."

Jumamosi ya pili alipata matatu. Ya tatu alirudi kwenye mawili. Wifi alivua miwani akafuta macho, akasema pengine umri nao una mambo yake. Mama Shuka alivuta karatasi ya maswali kwa hasira. Hakuitazama kama mwanafunzi tena. Aliiinua juu kwa mikono miwili, akaielekeza dirishani.

"Unafanya nini sasa?" wifi aliuliza.

"Kazi yangu. Wewe kila siku unaniambia nitafute zuri. Mimi sijawahi kutafuta shuka zuri maishani mwangu. Mimi natafuta bovu."

Akachukua penseli. Swali lilihusu kitanda kimoja kuwa chembamba kuliko kingine. Alipofika kwenye "more narrower" alisita, akasema, "Hili limevaa mashati mawili, la nini?" Akalitia X. "Narrowest" nalo ni la kushinda wote, na hapa vitanda ni viwili tu, wote wako wapi? X. "Most narrow", yale yale, tena X. Likabaki moja, "narrower", halina alama. Akaenda swali la pili. Kumi yalimchukua dakika nne, na yale yaliyobaki safi, tisa yalikuwa sawa.

Wifi alisahihisha mara mbili, akidhani Mama Shuka ameangalia majibu mahali. Akampa mengine ishirini. Kumi na nane.

"Haya si mafundisho yangu," alisema pole pole.

"Kweli si yako."

Wakaendelea hivyo wiki tano, na kila karatasi ilikuwa na misalaba mitatu kwa kila swali na jibu moja lililoachwa safi. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini aliziona karatasi hizo kila Jumamosi na hakusema kitu, kwa sababu naye alikwisha kuzizoea.

Mtihani ulifanyikia ukumbi wa chakula wa hospitali, asubuhi saa nne, meza zikiwa bado na maji ya kupangusiwa. Kijana wa ofisi ya utumishi alisoma maelekezo kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda chai. Mama Shuka sehemu mbili za mwanzo alizijaza kwa maandishi, taratibu. Alipofungua ya tatu moyo haukumwenda mbio hata kidogo. Aliinua karatasi kidogo kuelekea mwanga, kijana yule akamkodolea macho, akaishusha. Kisha akaanza kukagua. X, X, X, hili zima. X, X, X, hili zima. Mara mbili za kwanza aliweka alama pale mtihani ulipotaka na akakosea kwa utaratibu kabisa. Safari hii hakuukumbuka mtihani, aliikumbuka kazi, na alitoka ukumbini akijua amefaulu.

Matokeo yalibandikwa baada ya siku tisa. Sehemu ya kwanza, kumi na tano. Ya pili, kumi na nne. Ya tatu, sifuri. Jumla ishirini na tisa kati ya sitini, na kufaulu ni arobaini.

Alisimama mbele ya ubao ule mpaka mtu aliyekuwa nyuma yake akaomba njia. Alichotaka wakati ule ni kukaa chini pale pale kwenye korido na kulia.

"Dada, achana nao," Bi Mkasi alimwambia waliporudi chumbani. "Ukienda kule utaitwa mkorofi."

"Mbili ningekubali. Tano ningekubali," Mama Shuka alisema, akifunga kanga yake upya kiunoni. "Sifuri, hapana. Hata ukijibu umefumba macho hupati sifuri."

Afisa utumishi alikuwa mtu wa adabu na wa makaratasi, asiyepandisha sauti na asiyevuka mstari. Alimkaribisha kiti, akatoa karatasi yake kwenye faili, akaigeuza imtazame.

Mama Shuka aliona misalaba sitini. Aibu ikampanda kutoka kifuani hadi masikioni, kwa kuwa mara moja alielewa alichokifanya. Juu ya ukurasa iliandikwa wazi kwamba X iwekwe kwenye jibu sahihi.

"Unaona mwenyewe, mama. Msahihishaji hakuwa na la kufanya. Kila swali umechagua majibu matatu."

"Sikuyachagua. Nimeyakataa." Sauti ilirudi. "Bwana afisa, hebu soma yale niliyoyaacha."

"Utaratibu hauruhusu kusoma ambacho hakikuwekwa alama."

"Na tangazo lililo kwenye ukuta wetu kule, limesainiwa na nani?"

Akatabasamu kidogo. "Hilo ni la mashuka. Mtihani si shuka." Kisha akainama mbele, kwa upole ambao ulimuudhi kuliko ukali wowote. Alimweleza kwamba hakuna aliyesahau mchango wake. Kuanzia Jumatatu karani wa stoo angekabidhiwa kitengo, na ingependeza kama Mama Shuka angekaa naye miezi mitatu amwelekeze kazi.

"Nimfundishe kazi ambayo karatasi inasema mimi siiwezi?"

Mama Shuka aliufungua mkufu wa funguo uliokuwa kiunoni, funguo saba, akauweka juu ya ile karatasi yenye misalaba.

"Ukaimu wangu umeishia hapa. Anayejua aje akague. Mimi nitakuwa kwenye masinki. Kufua sikuandikiwa mtihani."

Akatoka. Nje ya mlango alifunga kifungo cha koti la kazi, akashika njia ya masinki.

Jumatatu karani wa stoo alishika kazi, kalamu zake mbili mfukoni na ya tatu, ile ya wino usiofutika, mkononi. Hakuwa mtu mbaya wala mzembe. Alikagua kila shuka kwa makini, upande huu na upande ule. Ila stoo wana desturi yao: boksi likifika, likihakikiwa na kukutwa zima, hutiwa alama kubwa ya X ubavuni, maana yake limepokelewa. Miaka kumi na moja mkono wake ulijua hivyo. Kwa hiyo kila shuka zuri alilitia X kwenye pindo, na mabovu akayaacha bila kitu.

Bi Mkasi aliyapokea yale yenye X. Yalikuwa mapya, mengine bado yana harufu ya kiwandani. Alitazama shuka, akatazama tangazo juu ya kichwa chake, akatazama mkasi. Baadaye alikula kiapo kwamba hakushtukia lolote, na alikila akiangalia dari. Hadi Jumanne jioni alikuwa amekata mashuka themanini na mawili kuwa matambara ya deki. Wodini yalikwenda yale yenye matundu.

Mama Shuka kule nyuma hakujua kitu, mikono imezama kwenye dawa hadi viwikoni. Alichokisikia Jumatano asubuhi ni sauti ya muuguzi mkuu ikipita kwenye korido, na alipoisikia alijua kuna mtu atakoma. Muuguzi mkuu hakuja kufulia. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya utumishi na toroli la mashuka yaliyochanika, akalimwaga mbele ya mlango.

Saa moja baadaye afisa alikuja mwenyewe kwenye masinki. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa, na sakafu ile ilikuwa na maji. Alimweleza yaliyotokea kwa sentensi chache, kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe.

"Karani anasema alifanya kama wanavyofanya stoo," alimalizia.

Mama Shuka alitoa mikono majini. Ilikuwa imeanza kuchubuka kati ya vidole.

"Nyinyi mmempa nini?"

"Tumempa onyo la mdomo. Ni mazoea ya kazi, anaeleweka."

"Yeye kaharibu mashuka themanini na mawili kwa mazoea ya kazi, anaeleweka. Mimi sikuharibu hata kipande cha karatasi. Mbona yeye hamkumpa sifuri?"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka viwikoni mwake. Afisa akafungua faili aliyokuwa ameibana kwapani, maana alikuwa amekuja nayo, akaiweka kwenye ukingo wa sinki palipokuwa pakavu, na kuanza kusoma kwa sauti majibu yaliyoachwa safi. Alikuwa na orodha ya majibu sahihi pembeni. La kwanza sawa. La pili sawa. Wafuaji waliacha kusugua. Bi Mkasi alikuja akasimama mlangoni na mkasi wake.

Swali la kumi na nne afisa alisita. Jibu lilikuwa "worse", yaani baya zaidi, na Mama Shuka alikuwa amelitia X akaacha "badder", kwa sababu hakuweza kuamini kwamba neno linaweza kubadilika sura kiasi hicho na bado likabaki la ukoo ule ule.

"Hili," afisa alisema, akiwa tayari kuwa mkarimu, "pengine tunaweza—"

"Hilo nimekosa. Usinipe."

Yakawa kumi na tisa. Ukijumlisha na ishirini na tisa, arobaini na nane. Afisa alifunga faili akasema itabidi kamati ikae. Mama Shuka akarudisha mikono majini, akasema ikae.

Kamati ilikaa Ijumaa, na barua ikaja Jumatatu. Bi Mkasi ndiye aliyeipokea, akaja mbio nayo, midomo ikimcheza. Mama Shuka alikausha mikono kwenye koti. Hakuifungua pale penye masinki. Alikwenda nayo hadi dirishani pake pa zamani, akainyanyua kwa mikono miwili, akaisoma mwanga ukipita ndani yake. Ilisema kwamba kamati, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu na kwa huruma, imeamua kumsamehe kosa lake na kumteua kuwa mkuu wa kitengo cha kufulia.

Aliisoma mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono mezani, akachukua kalamu ya wino usiofutika.

"Dada, usifanye hivyo," Bi Mkasi alisema. "Hicho ni cheo chako unakitia alama."

"Ina tundu." Akaweka X kwenye kona ya chini ya barua. "Sikuomba msamaha na sikuomba huruma. Nilifanya mtihani."

Akairudisha ndani ya bahasha yake na kumpa tarishi aipeleke ilikotoka.

Wiki nzima hakuna aliyemtafuta. Alikuwa kwenye masinki kuanzia saa moja asubuhi, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuka kutazama. Jumamosi wifi alikuja nyumbani ingawa hapakuwa na somo. Alikuwa amesikia. Alikaa kwenye meza ya jikoni akamtazama mikono ile iliyochubuka.

"Ile misalaba niliiona kila wiki," alisema. "Mimi ndiye mwalimu. Nilipaswa kukuambia."

"Ungeniambia."

"Na kweli umerudisha barua ya cheo?"

"Nimeirudisha."

Mama Shuka alisubiri. Alijua linakuja, fulani angefanya vizuri zaidi, fulani angekuwa na busara zaidi. Wifi alizungusha kikombe chake mezani, akainywa chai yote, akakiweka.

"Mimi nisingethubutu," alisema, na akaishia hapo.

Barua ya pili ilifika Jumanne ikiwa na mistari miwili tu. Ilisema amefaulu mtihani kwa alama arobaini na nane na ameteuliwa kuwa mkuu wa kitengo kuanzia siku hiyo. Sahihi ilikuwa ile ile, ndefu na yenye mikia. Funguo saba zilikuwa ndani ya bahasha.

Aliinyanyua kwenye dirisha. Wafuaji wote walikuwa wamesimama, na Bi Mkasi alikuwa ameificha ile kalamu nyuma ya mgongo wake. Mama Shuka aliichunguza barua kutoka juu hadi chini, upande wa kulia na upande wa kushoto, bila haraka. Kisha akaikunja mara mbili, pindo kwa pindo, akaitia mfukoni, akavuta shuka la kwanza kutoka kwenye rundo.